Basi, Gari Binafsi na Hofu Yetu: Haki ya Usalama Barabarani

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Tukuyu



Wengi wenu mmekuja kwa miguu, wengine kwa Coaster na Noah, baadhi kwa bodaboda, na wachache kwa magari yenu wenyewe. Nimeanza kwa kutaja namna tulivyofika kwa sababu hiyo ndiyo mada yenyewe.

Tume ya Haki na Amani imezoeleka kuzungumzia ardhi, mirathi ya wajane na malezi ya yatima. Huenda mtu akauliza: basi na gari binafsi vinahusianaje na haki na amani? Vinahusiana sana. Barabarani ndipo tajiri na maskini wanapokutana kila siku, na ndipo uamuzi wa mtu mmoja unapogusa uhai wa mwingine ambaye hakuulizwa neno.

Swali tulilo nalo ni hili: je, ni salama zaidi kupanda gari la abiria au kuendesha gari lako mwenyewe? Jibu linalosikika stendi na majumbani ni moja. Watu husema: "Mwenye gari lake yu salama, aliyepanda basi amemkabidhi mtu mwingine roho yake." Hata kijana akipata fedha kidogo kutokana na viazi, maziwa au parachichi, ndoto yake ya kwanza ni kununua gari dogo lililotumika ili aachane na kubanana ndani ya Coaster. Simlaumu. Lakini yatupasa tulipime jibu hilo kabla ya kulipokea.

Nitakayoeleza, kwa ufupi, ni haya. Hofu yetu juu ya magari ya abiria haikosi sababu, lakini mara nyingi inanyoosha kidole mahali pasipostahili. Na dawa tunayoichagua, yaani kila mwenye uwezo kujitoa katika basi, huwaacha wasio na uwezo katika hatari ileile na kuwaongezea hatari nyingine.

1. Jinsi hofu inavyopima hatari

Moyo wa mwanadamu haupimi hatari kwa mizani ya sokoni. Una mizani yake, na mizani hiyo ina kasoro mbili ambazo ni vema tuzijue.

Kasoro ya kwanza ni kwamba tunaogopa zaidi jambo ambalo hatulitawali. Aliyeshika usukani huona kwamba mwendo, breki na kona vyote viko chini ya mamlaka yake. Aliyekaa kiti cha nyuma huona tu kisogo cha dereva. Hatari inaweza kuwa ileile, lakini aliye nyuma huogopa na aliye mbele hupiga mluzi. Tena kila dereva hujiona hodari. Mwaka 1981 mtafiti mmoja wa Uswidi, Ola Svenson, alichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi madereva wa Marekani na wa Uswidi wajilinganishe na wenzao. Asilimia 88 ya Wamarekani na asilimia 77 ya Waswidi walijiweka katika nusu ya madereva walio salama zaidi. Kila mwenye kujua hesabu ataona kwamba haiwezekani. Nusu ni nusu. Hawawezi kukaa humo watu 88 kati ya 100.

Kasoro ya pili ni kwamba tunaogopa zaidi kifo cha wengi kwa pamoja. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi, maana yake msiba ukiwapata watu wote uchungu hugawanywa. Katika habari za barabarani mambo ni kinyume. Basi likipinduka na kuua watu 20, nchi nzima hutetemeka; redio hutangaza, viongozi hufika, na kwa wiki kadhaa hakuna anayepanda gari bila kujiandika ishara ya msalaba. Lakini watu 20 wakifa mmoja mmoja, huyu kwa pikipiki, yule ndani ya gari dogo, mtoto yule akivuka barabara kwenda shule, hakuna ngoma inayopigwa nje ya kijiji chao. Makaburi ni 20 vilevile.

Kasoro hizi mbili zinaweza kuua. Baada ya mashambulio ya 11 Septemba 2001 nchini Marekani, watu wengi waliogopa ndege, wakaamua kusafiri kwa magari yao. Ndani ya gari walijiona salama kwa kuwa walishika usukani. Mtafiti wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, alikadiria kwamba katika miezi 12 iliyofuata watu yapata 1,500 zaidi walikufa barabarani kwa sababu ya kuhama huko. Idadi hiyo ni kubwa mara kadhaa kuliko ya abiria wote waliokuwamo katika ndege nne zilizotekwa. Watu hao hawakuuawa na adui. Walikimbilia mahali ambapo moyo uliwaambia pana usalama.

2. Barabara yetu wenyewe

Tutoke sasa mbali, turudi nyumbani. Barabara tunayoitegemea ni ile itokayo Uyole, ikapanda Igawilo hadi Isongole chini ya mlima Rungwe, ikateremka Kiwira, ikafika hapa Tukuyu, kisha ikashuka tena kuelekea Kyela na mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni yapata kilometa 70. Kutoka Tukuyu hadi uwanda wa Ziwa Nyasa mtu hushuka yapata mita elfu moja. Wilaya yetu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote katika Tanzania, na ukungu wake hauhitaji kuelezwa kwa mtu aliyezaliwa hapa. Katika njia hiyo hiyo yanapita malori ya mizigo ya Malawi, malori ya ndizi na viazi, mabasi, Noah, pikipiki, watoto wa shule, akina mama wenye mizigo kichwani, na ng'ombe.

Mtakumbuka tarehe 1 Julai 2018. Katika mteremko wa Igawilo, lori lililoshindwa breki liliyagonga magari ya abiria, na watu 20 wakapoteza maisha. Mtakumbuka pia Juni 2025, pale Iwambi upande wa Mbalizi, ambapo lori lililoshindwa breki mteremkoni liligonga gari la abiria, na watu 28 wakafa. Baada ya misiba kama hiyo maneno huwa yaleyale: "Coaster zinaua."

Tutulie tuyatazame mambo hayo kwa makini. Katika misiba hiyo miwili, kilichoanza kuua ni mteremko mrefu na breki za lori. Gari la abiria lilikuwa mbele ya lori hilo. Kama pale pangekuwa na foleni ya magari binafsi, lori lisingechagua. Mwenye gari jipya aliyefunga mkanda vizuri angekuwa mbele ya tani zilezile za chuma. Kwa hiyo anayesema, "Mimi nimeondoka katika hatari kwa kununua gari," amebadilisha kiti tu. Barabara ni ileile.

Mteremko una kanuni yake, na dereva wa gari lolote anapaswa kuijua. Breki ikishikwa mfululizo katika mteremko mrefu hupata moto, na ikipata moto hupungua nguvu hadi ikaacha kushika. Ndiyo maana dereva mwenye ujuzi huingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, akaiachia injini imzuie. Anayetoa gia na kuteremka kwa nyutro ili aokoe mafuta, anaokoa shilingi chache na kuweka rehani watu wote walio mbele yake. Kosa hilo linafanywa na madereva wa malori na wa Coaster, na linafanywa vilevile na wenye magari madogo.

Mwendo nao una hesabu yake. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa husogea mita 14 kila sekunde. Likienda kilometa 80 kwa saa husogea mita 22 kila sekunde, na umbali linaohitaji ili lisimame baada ya breki kukanyagwa huwa zaidi ya mara mbili na nusu. Sasa fikirini asubuhi ya ukungu pale Isongole, macho hayaoni zaidi ya mita 30. Katika hali hiyo dereva wa kilometa 80, awe na abiria 30 au awe peke yake, anaendesha akiwa kama kipofu. Akimwona mtoto, muda wa kumwokoa umekwisha pita.

3. Nani yu salama kuliko mwenzake?

Katika nchi ambazo mabasi yanaendeshwa kwa utaratibu mzuri, jibu limekwisha kujulikana. Nchini Marekani, ukilinganisha safari za umbali sawa, abiria wa basi yu salama mara nyingi zaidi kuliko aliye ndani ya gari dogo. Basi ni kubwa, dereva wake amefundishwa kazi hiyo, gari hukaguliwa, na mwajiri huulizwa mambo yakiharibika. Kwa hiyo basi kwa asili yake si jeneza. Hatari haimo katika wingi wa viti. Imo katika breki zisizokaguliwa, tairi zilizokwisha kuwa vipara, dereva aliyechoka, na mwendo usio na mtu wa kuuzuia. Mambo hayo yakirekebishwa, gari la watu wengi huwa ndilo salama.

Gari binafsi kwa upande wake halina ulinzi huo. Dereva wa gari la abiria anatakiwa kuwa na leseni ya daraja C na gari lake kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Mwenye gari dogo hutumia leseni ya daraja D, na baada ya hapo mara nyingi hakuna anayemuuliza lini alibadilisha tairi, au kama amelala usiku, au amekunywa nini arusini. Anayemuuliza ni mke wake, kama anathubutu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Halafu wapo wanaokimbia Coaster wakakimbilia bodaboda, hasa katika njia za kwenda Masoko, Mwakaleli na Lwangwa, ambako mara nyingine gari ni la kusubiri kwa saa nyingi. Vijana wetu wa bodaboda wanafanya kazi halali na wanalisha familia. Lakini ukweli usemwe: kwenye pikipiki mwili wako ndio bodi ya gari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kofia ngumu ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kuumia ubongo hadi asilimia 74. Ni abiria wangapi wa Tukuyu wanaoidai? Tunaona wanafunzi watatu wamepakiwa mshikaki, tunawapungia mkono. Kisha twasema tunaogopa basi.

Shirika hilohilo lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba watu yapata milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote katika mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao hawakuwa ndani ya magari: walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hapo ndipo swali letu la mwanzo linapobadilika. Tulikuwa tunauliza, "Mimi nitakuwa salama wapi?" Lakini haki huuliza pia, "Nikichagua hivi, nani atakuwa hatarini?" Watu 30 wakipanda Coaster moja, barabara ina gari moja. Watu hao 30 wakisafiri kwa magari yao, wawili wawili, barabara ina magari 15. Mama anayevuka pale Kiwira na kichane cha ndizi kichwani atalazimika kuyakwepa yote 15. Usalama ambao mmoja anajinunulia, mwingine anaweza kuulipia.

4. Hofu zisizopaswa kudharauliwa

Hata hivyo, wapendwa, nisingependa mtu aondoke hapa akidhani nawacheka wanaoogopa basi. Ajali siyo hofu pekee ya abiria. Wapo wasichana wanaoshikwashikwa katika msongamano, na wakilalamika hutukanwa na kondakta, na abiria wengine hutazama dirishani. Wapo wanaoibiwa stendi huku wapiga debe wakiwavuta huku na huku. Wapo wazee wanaosukumwa. Wapo wanafunzi wanaoachwa kituoni kwa kuwa nauli yao ni ndogo, wakasimama gizani na katika mvua mpaka wakaingia katika gari lolote litakalosimama, la mtu wanayemjua au wasiyemjua.

Hofu hizo ni za kweli, na hazitibiwi kwa takwimu. Msichana aliyedhalilishwa ndani ya gari hawezi kuambiwa kwamba basi ni salama kwa mujibu wa hesabu. Usalama ni pamoja na heshima. Lakini angalieni tena: baba mwenye gari humtoa binti yake katika hofu hiyo kwa kumpeleka mwenyewe shule. Binti wa jirani asiye na gari hubaki palepale kituoni. Na yule baba, ambaye neno lake lingesikilizwa na wenye magari, hayumo tena ndani ya Coaster kulisema. Hivyo ndivyo wenye sauti wanavyoondoka, na wasio na sauti wanavyobaki.

5. Mzizi wa mwendo kasi

Ni rahisi kumlaumu dereva. Mara nyingi anastahili. Lakini dereva wa gari la abiria katika nchi yetu mara nyingi hana mshahara wa uhakika. Anapewa "hesabu", yaani kiasi cha fedha anachopaswa kumkabidhi tajiri jioni. Kinachozidi ndicho chake na kondakta wake. Hesabu isipotimia, kesho gari atapewa mwingine. Na pembeni yupo deiwaka, asiye na mkataba wala kiti cha kudumu, anayengojea kushika usukani kwa safari moja au mbili. Mtu wa namna hiyo akiona mwenzake anamtangulia kituoni, haoni gari. Anaona chakula cha watoto wake kikichukuliwa. Ndipo wanaposhindana, na abiria 30 nyuma yao wanageuka kuwa mtaji.

Aprili 2015 madereva wa mabasi nchini waligoma, na miongoni mwa madai yao yalikuwa mikataba ya ajira. Wengi tulikasirika kwa sababu safari zilikwama. Ni wachache waliojiuliza kama dereva asiye na mkataba, asiye na siku ya kupumzika, anaweza kuwa dereva salama. Haki ya mfanyakazi na uhai wa abiria vimefungwa katika kamba moja. Ukiikata huku, inalegea kule.

Na wenye magari hayo si watu wa mbali. Wengine wamo katika mabenchi ya makanisa yetu, wanatoa zaka, wanachangia ujenzi. Twawashukuru. Lakini yatupasa kuwaambia kwa upendo kwamba breki iliyoahirishwa ili hesabu itimie ni mkopo unaochukuliwa katika damu ya watu.

6. Sauti ya abiria

Je, abiria hana la kufanya ila kusali rozari? Rozari na isaliwe. Lakini lipo jambo lingine, na jirani zetu wa Kenya wamelijaribu.

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, waliweka vibandiko ndani ya matatu zaidi ya 1,000 za safari ndefu nchini Kenya. Vibandiko hivyo viliwahimiza abiria waseme pale dereva anapoendesha vibaya. Hapakuwa na askari wala mashine. Palikuwa na karatasi ukutani, na bahati nasibu ndogo kwa madereva waliovitunza vibandiko visibanduliwe. Matokeo yalikuwa ya kushangaza: madai ya bima kwa magari yenye vibandiko yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio kubwa zaidi lililofuata, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, lilionyesha upungufu wa kati ya robo na theluthi. Kampeni hiyo waliiita Zusha, kwa maana ya kupaza sauti. Hapa Tanzania nako limesikika neno "Abiria paza sauti."

Tufahamu kwa nini jambo dogo kama hilo lilifaa. Abiria mmoja akisema, dereva humwambia, "Kama hupendi, shuka." Lakini kila abiria ndani ya gari anaogopa, na kila mmoja anadhani anaogopa peke yake. Kibandiko kilimpa wa kwanza ruhusa, na wa kwanza akawapa ruhusa waliosalia. Dereva anaweza kumshusha mmoja. Hawezi kuwashusha watu 30, kwa maana nauli yake ni hao. Kumbe yule aliyejiona ameikabidhi roho yake kwa mtu mwingine alikuwa na breki mkononi muda wote, nayo ni ulimi wake. Mwenye gari binafsi anayekwenda mbio peke yake hana abiria 30 wa kumkemea.

Magari mengi yameandikwa "Abiria chunga mzigo wako." Maneno mazuri. Mzigo wa kwanza ambao abiria anapaswa kuuchunga ni uhai wake na wa jirani aliyekaa naye.

7. Mafundisho ya Kanisa

Haya siyo mambo ya polisi peke yao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani, baharini au angani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa la Uchungaji kwa Wahamiaji na Wasafiri lilitoa mwongozo mzima juu ya uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za madereva, na ya kwanza ni ile ya kutoua. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba mpya anaagizwa azungushie dari lake ukingo, ili mtu akianguka lawama ya damu isiiangukie nyumba hiyo. Mungu hakungoja mtu aanguke ndipo aulize nani alimsukuma. Alimdai mwenye nyumba aweke ukingo kabla. Leseni ya kweli, tairi nzima, mkanda, kofia ngumu na mwendo wa wastani ndio ukingo wa dari letu.

8. Tufanye nini?

Napendekeza mambo machache ambayo parokia yoyote inaweza kuyaanza bila kungoja mfadhili.

Kwanza, kila jumuiya ikubaliane neno moja la kusema ndani ya gari, kwa adabu lakini kwa uthabiti: "Dereva, tunaomba upunguze mwendo, tuna watoto nyumbani." Asemaye wa kwanza aungwe mkono na waamini waliomo, na hata wasio wa dini yetu wataitikia. Moravian, Mlutheri, Mkatoliki na Mwislamu wana kaburi la namna moja.

Pili, msichana au mwanafunzi akisumbuliwa ndani ya gari, mtu mzima aliye karibu asitazame dirishani. Ampishe kiti, asimame kati yake na msumbufu, na ikibidi aandike namba ya gari na kuipeleka polisi au LATRA.

Tatu, waamini wenye magari ya abiria na malori wakutane na tume hii. Tuzungumze juu ya kiwango cha hesabu, mikataba, siku ya kupumzika, na matengenezo ya breki. Hatuwaiti kwa hukumu. Tunawaita kwa kuwa wao ndio wenye ufunguo.

Nne, wenye magari binafsi wajihesabu kuwa ni madereva kama wengine. Mkanda ufungwe na wote, maana Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa waliomo garini hadi nusu. Asiendeshe aliyekunywa. Na asubuhi ya ukungu, anayewaona wanafunzi kituoni apunguze mwendo kana kwamba wote ni wake.

Tano, wazazi waongee na vijana wa bodaboda wa kijiji chao, wanaowajua kwa majina, juu ya kofia ngumu na mshikaki. Anayempa kijana shilingi ili awabebe watoto watatu kwa mara moja, ameshiriki kosa.

Wapendwa, sijamkataza mtu yeyote kununua gari. Mwenye nalo alitumie kwa kumshukuru Mungu. Ninachokataa ni ile fikra kwamba tukishapata magari yetu, habari ya Coaster haituhusu tena. Wajukuu wa shangazi zetu bado wamo humo. Mwalimu wa watoto wetu yumo humo. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Makandana au Igogwe yumo humo. Na katika mteremko wa Igawilo, sote tuko mbele ya lori lilelile.



Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni nani analazimika kupanda gari la abiria au bodaboda kila siku? Je, tumewahi kuwauliza wanaogopa nini?

2. Ni sehemu zipi za barabara katika eneo letu ambapo watoto huvuka kwa hatari? Nani anapaswa kuambiwa, na sisi tutamwambia lini?

3. Mara ya mwisho dereva alipokwenda mbio nikiwa ndani, nilifanya nini? Wenzangu walifanya nini?

4. Wenye magari miongoni mwetu wanaweza kuanza na badiliko lipi katika mwezi huu?